Kuandaa Majengo ya Shule Kufunguliwa Tena Wakati wa Janga: Arusha na Viunga vya Mlima Meru

Jengo la shule lililofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa mlipuko linahitaji kazi mbili kabla ya kengele kugongwa tena. Ya kwanza ni kurekebisha yaliyoharibika lilipokaa tupu. Ya pili ni kulipanga upya ili watoto wakirudi, ugonjwa usipate njia rahisi ya kupita. Mwaka 2020 kazi hizi mbili ziliunganishwa kuwa moja: ndoo yenye koki, sabuni, na tangazo la barakoa getini. Arusha ni mahali pazuri pa kuonyesha kwa nini hayo hayatoshi, kwa kuwa hapa baridi, maji na idadi ya watoto vinagongana ndani ya chumba kimoja.

Janga lenyewe liliingia nchini kwa mlango wa Arusha. Machi 16, 2020, Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, Mtanzania aliyetua Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifunga shule zote, za awali hadi kidato cha sita, kwa siku 30. Siku hizo zilipokwisha shule ziliendelea kufungwa. Vyuo na kidato cha sita vilifunguliwa Juni 1, na madarasa mengine yote Juni 29. Kwa mwanafunzi wa darasa la pili wa Ngarenaro au Usa River hizo ni zaidi ya siku 100 nje ya darasa. Majirani wawili walikaa muda mrefu zaidi: Kenya ilianza kurudisha madarasa machache Oktoba 12, 2020 na kufungua kabisa Januari 4, 2021, na Uganda ikafungua shule zake zote Januari 10, 2022. Kwa hiyo walimu wakuu wa Tanzania ndio waliopewa muda mfupi kuliko wenzao wa nchi hizo mbili. Tangazo la kufungua shule zote lilitoka Juni 16, wiki mbili tu kabla ya watoto kurudi.

Tazama kalenda hiyo kwa jicho la mkazi wa Arusha. Shule zilifungwa masika yakianza na zikafunguliwa baridi ikiwa imefika. Machi hadi Mei ndipo mvua kubwa hunyesha upande wa kusini wa Mlima Meru. Juni hadi Agosti mawingu hulala juu ya mji asubuhi nzima, na usiku jotoridi linaweza kushuka hadi nyuzi 12 au chini yake. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na shule za mlimani ziko juu zaidi. Kalenda hiyo ndiyo iliyoamua mengi kuhusu majengo, ingawa haikutajwa sana.

Yanayotokea jengo likikaa tupu

Mvua za masika ya 2020 zilikuwa kubwa Afrika Mashariki nzima. Darasa lisilofunguliwa wakati huo hupata unyevu ukutani na kuvu kwenye dari. Bati lililoachia msumari mmoja huvuja mahali pale pale kwa miezi mitatu, na anayeligundua ni mtoto ambaye dawati lake liko chini ya tundu. Popo huhamia darini, nyigu hujenga kwenye kenchi, majani hufika kwenye madirisha. Koki na vitasa navyo huondoka vyenyewe, kama wasemavyo walinzi.

Ukaguzi wa kwanza basi huanza juu na kushuka chini: bati na kenchi, dari, lenta na nyufa, madirisha, sakafu, kisha msingi na mitaro. Kinyesi cha popo kisifagiliwe kikavu. Kimwagiwe maji kwanza, anayekiondoa avae barakoa na glavu, na madirisha yawe wazi. Kazi hii wasipewe wanafunzi. Ni kawaida ya shule zetu siku ya kwanza ya muhula kuwa ya fagio na jembe, na kwa majani ya uwanjani hakuna ubaya, ila dari na vyoo vilivyokaa miezi mitatu ni kazi ya watu wazima waliolipwa.

Hewa

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mwanzoni mwa 2020 maelezo yaliyoenea yalikuwa kwamba kirusi hubebwa na matone mazito yanayoanguka karibu na anayekohoa, na mikono inayogusa yalipoangukia. Ndiyo maana sabuni ikatangulia. Julai 2020, siku chache baada ya shule zetu zote kufunguliwa, wanasayansi 239 walichapisha barua ya wazi wakisema chembe ndogo zinazoelea hewani zinaweza kubeba maambukizi ndani ya vyumba. Shirika la Afya Duniani, WHO, lililikubali hilo polepole, na Machi 2021 likatoa mwongozo wa upitishaji hewa ndani ya majengo: lita 10 za hewa safi kwa kila mtu kwa kila sekunde.

Tuiingize namba hiyo darasani. Chukua chumba cha mita 7 kwa 9, chenye wanafunzi 45, kiwango ambacho serikali inakitaka kwa shule ya msingi. Wanahitaji lita 450 kwa sekunde. Kwa chumba chenye madirisha pande mbili zinazotazamana, kuna kanuni rahisi ya makadirio: eneo la uwazi kwa mita za mraba, mara kasi ya upepo kwa mita kwa sekunde, mara 0.65, mara 1,000. Upepo wa nusu mita kwa sekunde, ambao hausogezi hata karatasi mezani, ukipita kwenye uwazi wa mita za mraba 1.4 kila upande, unaleta lita 455. Mita za mraba 1.4 ni nusu ya dirisha la mita 1.2 kwa 1.2, mara mbili. Maana yake darasa lenye idadi halali ya watoto halihitaji kukaa kama kibanda cha soko. Madirisha mawili yaliyofunguliwa nusu upande wa kulia na mawili upande wa kushoto yanatosha, na madirisha mengine yanaweza kufungwa dhidi ya baridi.

Watoto wakiwa 90, hesabu inadai mara mbili yake. Na upande mmoja ukifungwa wote, kanuni hiyo haifanyi kazi kabisa, kwa sababu hewa inayoingia haina pa kutokea. Hili la pili ndilo kosa la kawaida la Arusha ya Julai. Upande unaopigwa na upepo wa mlima hufungwa, pengine kwa boksi au kipande cha bati mahali kioo kilipovunjika, na upande wa veranda huachwa wazi. Mwalimu anaona madirisha yako wazi na anaridhika, kumbe hewa imesimama.

Aina ya dirisha ina uzito wake. Louva hufunguka karibu uwazi wote na huweza kuelekezwa juu ili upepo upite vichwani, lakini vioo vyake huvunjika na vishikizo hukwama kwa kutu. Dirisha la mbao la shule kongwe za vijijini hupitisha hewa vizuri, ila likifungwa darasa linakuwa giza, na mwalimu analazimika kuchagua kati ya baridi na ubao usiosomeka. Dirisha la aluminiamu la kusukuma, ambalo mafundi wanalipenda siku hizi, hufunguka nusu tu ya eneo lake hata ukilisukuma mpaka mwisho. Anayepiga hesabu ya uwazi kwa dirisha hilo agawe kwa mbili. Matundu ya hewa yaliyoachwa juu ya lenta ni ya thamani kubwa kuliko yanavyoonekana, maana hewa ya joto iliyotoka vifuani hupanda na kutokea humo hata usiku wa bwenini, watu wakiwa wamefunga kila kitu. Kuyaziba kwa plasta ili jengo lipendeze ni hasara.

Kinachobaki ni mavazi. Sweta ni sehemu ya sare katika shule nyingi za Arusha, lakini si kila mzazi anamudu la pili likichakaa. Uongozi wa shule unaotaka madirisha wazi mwezi Julai uruhusu mtoto avae koti la rangi yoyote juu ya sare. Hatua hiyo haina gharama, na inazuia ugomvi wa kila asubuhi kuhusu nani afunge dirisha.

Wazo la hewa safi kama kinga si geni hapa. Mwaka 1904 mji wa Charlottenburg karibu na Berlin ulianzisha shule ya msituni kwa watoto dhaifu, wakati kifua kikuu kilipokuwa tishio, na mfano huo ukaigwa Ulaya na Marekani. Jirani yetu wa wilaya ya Siha, hospitali ya Kibong'oto, ilianzishwa miaka ya 1920 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kifua kikuu bado kipo nasi na husafiri hewani vilevile. Dirisha lililorekebishwa kwa ajili ya korona linaendelea kufanya kazi miaka yote inayofuata.

Nafasi

Elimu bila malipo, iliyoanza kutekelezwa Januari 2016, ilijaza madarasa kwa haraka kuliko matofali yalivyoweza kufuata, na kata za pembezoni mwa jiji zinazokua upesi, kama Muriet na Olasiti, zililiona hilo mapema. Chumba chetu cha mita 7 kwa 9 kikipangwa safu sita za watoto sita, mita moja hivi kati ya mmoja na mwingine na njia ya mwalimu kupita, kinabeba 36. Dawati la watatu linakuwa la wawili, au la mmoja. Darasa la watoto 90 linahitaji vyumba viwili na nusu, ambavyo havipo.

Njia iliyo wazi ni zamu: kundi moja asubuhi, jingine mchana, na angalau nusu saa katikati ya kupitisha hewa na kufuta madawati. Zamu humchosha mwalimu, maana ni yule yule anayefundisha mara mbili. Njia nyingine ni kufundishia nje, ambako viunga vya Meru vimejaliwa miti, ingawa si Julai saa mbili asubuhi chini ya manyunyu. Ukumbi wa kanisa au ofisi ya kata unaweza kuazimwa. Kenya ilijaribu kushughulikia samani: mwaka 2020 serikali yake ilitenga fedha za kuagiza madawati kwa mafundi wa mitaani, hatua iliyowapa pia kazi watu ambao janga liliwakatia riziki.

Maji

Maji tiririka na sabuni ndilo neno lililosikika kuliko yote mwaka ule. WHO na UNICEF walikadiria kwamba mwaka 2019 asilimia 43 ya shule duniani hazikuwa na mahali pa kunawa penye maji na sabuni. Hesabu ya shule moja inaonyesha ukubwa wa kazi. Watoto 800, wakinawa mara nne kwa siku kwa nusu lita kila mara, wanatumia lita 1,600. Hayo ni madumu 80 ya lita 20 kila siku ya masomo. Shule ambayo bomba lake hutoa maji siku mbili kwa wiki haiwezi kuagiza kunawa bila kwanza kuwa na tangi.

Kibuyu chirizi hupunguza mzigo huo. Dumu la lita 5 linaning'inizwa kwenye mti wa kulala, linatobolewa kwa msumari wa moto karibu na mdomo, na kamba inashuka hadi kipande cha mti kinachokanyagwa kwa mguu. Ukikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika kidogo, na hakuna mkono ulioshika koki. Sabuni huning'inizwa pembeni ndani ya wavu. Vipangwe vingi kwa mstari, vingine kwa kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, na chini yake lichimbwe shimo la kokoto la kunyonya maji. Bila shimo hilo, baada ya siku tatu mahali pa kunawa panakuwa tope na watoto wanapakwepa.

Kisha kuna floridi, jambo ambalo mwongozo wowote ulioandikiwa nchi nzima hauwezi kulibeba ipasavyo. Maji mengi yanayotoka kwenye miamba ya volkano kuzunguka Mlima Meru yana floridi iliyozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na WHO, na Ngarenanyuki na Maji ya Chai hutajwa mara nyingi kati ya maeneo yaliyoathirika. Ishara yake ni meno ya kahawia, na kwa waliokunywa kwa wingi miaka mingi, mifupa iliyopinda. Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachoshughulikia uondoaji wa floridi kwa kuchuja maji kwenye makaa ya mifupa. Mradi mkubwa wa maji wa Jiji la Arusha, wenye thamani ya Sh bilioni 520, ulikuwa ungali unajengwa janga lilipoingia.

Kwa kunawa mikono, floridi haina neno. Hatari iko kwenye kunywa. Shule inayoweka matangi mapya ya kunawia kila kona imewawekea watoto koki ya karibu kuliko ile ya maji ya kunywa, na mtoto aliyetoka kucheza hachagui. Kuchemsha hakusaidii, maji yakipungua kwa mvuke floridi inazidi kukolea. Kwa hiyo koki za kunawa zipakwe rangi tofauti, ziandikwe, na maji ya kunywa yawe na mahali pake na msimamizi wake.

Dawa ya karibu iko juu ya paa. Maji ya mvua karibu hayana floridi kabisa. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 linaangusha lita 1,000, na hata ukiondoa zinazopotea zinabaki 800 hivi. Lakini masika ya 2020 yalinyesha shule zikiwa zimefungwa. Shule ambayo gata zake zilikuwa zimeziba majani, au tangi lake halikuwa na wa kulitazama, ilipoteza akiba ya maji bora kuliko yote na ikafunguliwa kiangazi kikiwa kimeanza. Upande wa kaskazini wa mlima, ambako mvua ni haba na vumbi ni jingi, hasara hiyo ni kubwa maradufu.

Tangi lililokaa na maji miezi mitatu limwagwe, lisuguliwe ndani, kisha lijazwe maji yenye klorini: takriban lita moja na nusu ya dawa ya dukani ya asilimia 3.5 kwa kila lita 1,000. Yakae siku nzima, yamwagwe, ndipo lijazwe ya kutumia.

Usafi, vyoo na mabweni

Kufuta madawati na vitasa kunahitaji mambo mawili kwa mpangilio: sabuni kwanza, klorini baadaye, kwa kuwa uchafu huinyonya nguvu dawa. Nusu lita ya dawa hiyo hiyo ya asilimia 3.5 ndani ya lita 17 za maji inatoa nguvu ya asilimia 0.1 inayofaa kwa vitu vinavyoguswa. Ichanganywe kila siku, na isikutanishwe na dawa nyingine ya choo, maana hewa inayotoka huchoma mapafu. Kupulizia vyumba dawa kwa mashine, au kuwapulizia watu, WHO ililikataa mapema, Mei 2020. Kulipendeza kwenye picha tu.

Kwa vyoo, kipimo cha nchi ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule yetu ya watoto 800, nusu kwa nusu, inadaiwa matundu 36. Zikifanywa zamu, deni hilo hupungua kwa nusu bila kuchimba shimo, faida ya zamu ambayo haitajwi.

Shule za bweni zenye kidato cha sita, kama Ilboru miteremkoni mwa Meru, zilitangulia kupokea wanafunzi Juni 1. Bwenini watu wanalala pamoja kwa muda wa saa nane, kwenye vitanda vya deka, usiku wa baridi, milango imefungwa. Hapo matundu ya juu ya lenta ndiyo kinga kubwa, na vitanda vipangwe ili kichwa cha mmoja kielekee miguu ya jirani. Nondo za madirisha nazo zitazamwe. Septemba 2020 watoto 10 walikufa kwa moto katika bweni la shule moja wilayani Kyerwa, Kagera. Anayekagua hewa ya bweni akague siku hiyo hiyo kama kuna dirisha au mlango wa pili wa kutokea, kwa ufunguo uliopo, si kwa ahadi.

Chumba cha uangalizi kwa mtoto mwenye homa kisiwe stoo isiyo na dirisha. Veranda iliyofunikwa upande mmoja ni bora kuliko stoo.

Baada ya mwaka mmoja

Jibu kubwa la majengo lilikuja baadaye. Mwaka 2021 serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, unaofikia Sh trilioni 1.3, na Oktoba mwaka huo ikazindua mpango wa ustawi wa taifa na mapambano dhidi ya UVIKO-19. Ndani yake kulikuwa na madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi, kila moja kwa Sh milioni 20. Yalijengwa kwa miezi michache, na Januari 2022 waliofaulu darasa la saba wakaanza kidato cha kwanza kwa mkupuo mmoja badala ya kusubiri uchaguzi wa pili. Watu waliyaita madarasa ya UVIKO, na jina limebaki. Kwa mtazamo wa kinga, hayo yalifanya zaidi ya ndoo zote, kwa kuwa yalipunguza watu ndani ya chumba. Kasoro ni kwamba yalihesabiwa kwa idadi ya vyumba, na swali la hewa halikusikika sana katika sherehe za kukabidhi.

Janga lijalo linaweza lisifanane na lile. Marburg, iliyozuka Kagera Machi 2023 na tena Biharamulo Januari 2025, huenea kwa kugusana na majimaji ya mgonjwa, na kwake maji, glavu na chumba cha uangalizi vinatangulia. Kipindupindu kinatazama vyoo na maji ya kunywa. Mafua makali yatatazama madirisha. Jengo lenye paa zima, gata, tangi safi na uwazi pande mbili linakuwa tayari kwa yote hayo.

Fedha ya kuanzia ipo, japo ni ndogo. Ruzuku ya uendeshaji ni Sh 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, na sehemu yake hubakizwa kwa ajili ya vitabu. Haijengi darasa, lakini inanunua vioo vya louva na mita kadhaa za gata. Kamati za shule za Arusha na Meru zinazokutana Januari kupanga matumizi ziandike vitu hivyo viwili juu ya orodha, na fundi aitwe kabla ya Machi.